Moto wa Cabo Delgado Uliwashwa Nyumbani

Kati ya 2013 na 2014, kampuni tatu zilizoundwa na serikali ya Msumbiji zilikopa karibu dola bilioni 2 za Marekani kutoka benki ya Credit Suisse ya Uswisi na VTB ya Urusi. Maelezo yake yalisikika vizuri. Nchi ina pwani ndefu, kaskazini kumegunduliwa gesi, baharini kuna maharamia na wavuvi haramu. Basi zinunuliwe rada, boti za doria, meli za kuvulia jodari, na zijengwe karakana za kuzitengenezea. Bunge halikuulizwa na wananchi hawakuambiwa. Ukubwa wa madeni hayo ulifichuka Aprili 2016, na wafadhili wakafunga mifuko yao papo hapo. Miaka minne baadaye, Agosti 2020, wapiganaji wa kikundi chenye siasa kali waliwashinda wanajeshi na wanamaji waliokuwapo katika mji wa Mocímboa da Praia, wakaiteka bandari yake na kukaa nayo mwaka mzima. Pwani ambayo nchi nzima ilitiwa deni kwa jina la kuilinda ikawa imekosa wa kuilinda.

Naanza na habari hiyo kwa sababu inabeba hoja yangu yote. Tunapozungumzia ugaidi, macho yetu hukimbilia mbali: fedha za kigeni, wahubiri wa kigeni, bendera nyeusi iliyotoka Iraki au Syria. Mambo hayo yapo, nami sitayakwepa. Lakini mbegu ya nje haioti juu ya mwamba. Ukiufuatilia mkasa wa Cabo Delgado mwaka hadi mwaka, utaona kwamba kila hatua iliyoufikisha hapo ulipo ilikuwa na mlango ambao serikali ingeweza kuufunga, na mara nyingi serikali yenyewe ndiyo iliyoufungua: kwa kutwaa mali bila kuwapa wenyeji fungu, kwa kuwaziba midomo waliotoa tahadhari, na kwa kupiga watu bila kuchagua baada ya moto kuwaka.

Mkoa wenyewe si mgeni kwetu. Cabo Delgado unapakana na Mtwara. Mto Ruvuma tu ndio unaotenganisha. Kando ya bahari wanaishi Wamwani, ambao lugha yao ni jirani wa karibu wa Kiswahili. Juu katika nyanda za Mueda wako Wamakonde, ndugu wa Wamakonde wa Newala. Na kusini na bara wamejaa Wamakua. Mkoa huu ulitoa damu nyingi kwa ajili ya uhuru. Mueda ndipo Wareno walipowapiga risasi waandamanaji tarehe 16 Juni 1960, na Chai ndipo FRELIMO ilipoanzisha vita vya ukombozi tarehe 25 Septemba 1964. Hata hivyo, Wamsumbiji wengi wanaufahamu kwa jina la utani lenye uchungu. Cabo ni rasi kwa Kireno, na watu huuita mkoa huo Rasi Iliyosahaulika. Kutoka Maputo hadi huko ni zaidi ya kilomita 2,000 kwa barabara, na umbali wa kisiasa umekuwa mrefu kuliko huo.

Msomaji atauliza: umesahauliwaje mkoa ambao rais wa nchi kati ya 2015 na 2025, Filipe Nyusi, alizaliwa humo humo, Mueda? Jibu ni kwamba neema ya uhuru haikugawanywa sawa ndani ya mkoa wenyewe. Wamakonde wa nyanda za juu, waliobeba bunduki wakati wa ukombozi, ndio waliopata pensheni za wapigania uhuru na majenerali waliokuja kuwa wafanyabiashara. Wamwani wa pwani, wengi wao wakiunga mkono chama cha upinzani cha RENAMO, waliona vyeo na leseni vikipita juu ya vichwa vyao. Nao walijaribu njia za kawaida. Novemba 2000 wafuasi wa RENAMO waliandamana kupinga matokeo ya uchaguzi. Mjini Montepuez ghasia zikazuka na watu wakauawa pande zote mbili. Baadaye mwezi huo zaidi ya mahabusu 80 walikufa kwa kukosa hewa, baada ya kusongamanishwa katika chumba cha gereza la mji huo. Mwaka 2005 ukafanyika uchaguzi mdogo wa meya wa Mocímboa da Praia. RENAMO wakayakataa matokeo, wakamwapisha meya wao, na Septemba mapigano ya mitaani yakaua watu na kuchoma nyumba. Wavulana waliokuwa na miaka 10 wakati wa mapigano hayo walikuwa na miaka 22 vita vilipoanza. Walikuwa wamekwisha kuona sanduku la kura linavyojibiwa.

Halafu utajiri ukaja. Mwaka 2009 iligunduliwa rubi katika ardhi ya Namanhumbir, wilayani Montepuez, na haikuchukua muda ikajulikana kuwa ni miongoni mwa hazina kubwa kabisa za rubi duniani. Maelfu ya wachimbaji wadogo, wale ambao Msumbiji huitwa garimpeiro, walimiminika kutoka mkoani, kutoka Nampula, Tanzania na mbali zaidi. Nchi yenye nia ingeweza kuwagawia maeneo, kuwapa vibali, kuwatoza kodi na kununua mawe yao kwa uwazi. Badala yake, leseni ya hekta zaidi ya 30,000 ilikwenda kwa Montepuez Ruby Mining, kampuni ambayo asilimia 75 inamilikiwa na Gemfields ya Uingereza na asilimia 25 na kampuni ya Kimsumbiji, Mwiriti, yenye jenerali mashuhuri wa FRELIMO miongoni mwa wamiliki wake. Mnada wa kwanza, uliofanyika Singapore Juni 2014, uliingiza dola milioni 33.5. Huko nyumbani wachimbaji wadogo na wanakijiji walikuwa wakifukuzwa. Watu 273 waliishitaki Gemfields jijini London, wakidai kwamba polisi na walinzi waliwapiga, waliua watu na kuchoma nyumba. Januari 2019 kampuni ilikubali kulipa pauni milioni 5.8 kumaliza shauri hilo, bila kukiri kosa. Mapema 2017 serikali ilifanya msako mkubwa zaidi, ikawaondoa maelfu ya wachimbaji, wageni kwa wenyeji. Vita vilianza Oktoba ya mwaka huo huo.

Sisemi kwamba kila aliyefukuzwa machimboni alishika panga. Hilo halina ushahidi, na lingekuwa tusi kwa maelfu waliorudi kwao kulima mihogo. Ninachosema ni hiki: kijana aliyekuwa akijipatia riziki kwa sururu yake alifundishwa kuwa ardhi ya babu yake inaweza kuwa ya jenerali na mgeni kwa saini moja, na kwamba hakuna ofisi mkoani ambako malalamiko yake yangesikilizwa. Waliodai haki London waliipata sehemu yake London. Katika mahakama za nchi yao sijasikia kesi ya namna hiyo iliyofika mbali, na kwangu hilo linaeleza mengi kuliko kiasi cha fidia.

Pwani nako ikaja gesi. Anadarko ya Marekani ilitangaza ugunduzi mkubwa katika bonde la Rovuma mwaka 2010, na Eni ya Italia ikafuata mwaka 2011. Mradi wa nchi kavu katika rasi ya Afungi, karibu na mji wa Palma, ulionunuliwa na Total ya Ufaransa mwaka 2019, ulikadiriwa kugharimu dola bilioni 20. Ili kuupisha, eneo la hekta zipatazo 7,000 lilitengwa, na wakazi wa vijiji kama Quitupo wakahamishiwa kijiji kipya cha Quitunda. Nyumba mpya zilikuwa za matofali, hilo lisemwe kwa haki. Lakini mvuvi hakuhitaji kwanza tofali. Alihitaji bahari, na Quitunda ilimweka mbali na ufuko alikoegesha ngalawa yake. Wengine walipewa nyumba kabla ya kupewa mashamba, wengine walingoja fidia muda mrefu. Kazi zilipopatikana, vijana wa pwani walilalamika kuwa zinakwenda kwa watu wa kusini wenye vyeti na Kireno kizuri. Katika mkoa ambao kusoma na kuandika ni bahati ya wachache, sharti la cheti lilikuwa sawa na kumfungia mwenyeji mlango.

Sasa tuje kwenye dini, kwa sababu hapo ndipo wengi huanzia na kuishia. Ni kweli kwamba tangu mwishoni mwa muongo wa 2000 vilijitokeza katika wilaya kadhaa za Cabo Delgado vikundi vya vijana wa Kiislamu vilivyojitenga na misikiti ya wazee. Waliswali na viatu, walikataza watoto kwenda shule za serikali, walikataa mahakama na vitambulisho, waliwaita masheikh wa zamani wapotofu. Ni kweli pia kwamba lugha yetu ilitumika kuwajenga. Watafiti wa Kimsumbiji waliofanya kazi Mocímboa da Praia wameandika juu ya mikanda ya video ya Kiswahili ya Aboud Rogo, mhubiri wa Mombasa, iliyozunguka miongoni mwao, na juu ya walimu waliotoka Tanzania. Wameandika vilevile kwamba kikundi kiliwapa baadhi ya vijana mtaji wa biashara ndogo. Kwa kijana ambaye hakuna benki wala halmashauri iliyowahi kumjali, mtaji huo ulikuwa mahubiri tosha.

Lakini nani aliyewaona kwanza? Waislamu wenyewe. Maimamu na wazee wa misikiti walibishana nao, wakawafukuza, wakawashitaki kwa wakuu wa wilaya. Viongozi wa Baraza la Kiislamu la Msumbiji waliiomba serikali ichukue hatua kabla risasi ya kwanza haijalia. Mara nyingine mtu alikamatwa, akakaa siku chache, akaachiwa. Mara nyingi jambo lilichukuliwa kuwa ugomvi wa Waislamu wao kwa wao, wayamalize msikitini. Hapa ndipo ninapoona kosa kubwa kuliko yote, kubwa hata kuliko rubi. Serikali iliyokuwa na majasusi wa kumfuata kila mpinzani haikuwa na afisa wa kumsikiliza sheikh wa kijijini aliyesema: hawa watatuua. Na walipokuja kuua, masheikh hao walikuwa miongoni mwa waliokatwa vichwa mwanzo.

Alfajiri ya tarehe 5 Oktoba 2017, watu wapatao 30 walivamia vituo vya polisi vya Mocímboa da Praia. Wenyeji waliwatambua, kwa kuwa walikuwa watoto wao. Waliwaita Al-Shabaab, jina linalomaanisha vijana, ingawa hawakuwa tawi la wale wa Somalia. Serikali iliwaita wahalifu na kuahidi kuwamaliza upesi. Kilichofuata ni kamatakamata. Mamia walitiwa mbaroni, misikiti ikafungwa na mingine kubomolewa, ikiwamo ya Waislamu ambao kwa miaka walikuwa wakiwapinga wavamizi hao hao. Kesi kubwa ya washitakiwa 189 ilifunguliwa Pemba, makao makuu ya mkoa, Oktoba 2018. Ilipomalizika mwaka uliofuata, 37 walihukumiwa na wengi waliachiwa kwa kukosa ushahidi, baada ya kukaa ndani miezi mingi. Piga hesabu ya wake, kaka na wajomba wa waliokaa ndani bure, ujiulize walitoka na moyo gani kwa serikali yao.

Wakati huo huo mkoa ulizibwa macho. Januari 2019 mwandishi wa redio ya jamii aliyekuwa Macomia akihoji watu waliokimbia vijiji vyao alikamatwa, akawekwa kwanza mikononi mwa jeshi, akakaa kizuizini zaidi ya miezi mitatu. Aprili 2020 mwandishi mwingine wa redio ya jamii, huyu wa Palma, alitoweka baada ya kutuma ujumbe kwamba amezingirwa na askari. Askofu wa Pemba, Luiz Fernando Lisboa, aliyepaza sauti juu ya mateso ya waumini wa dini zote, alishambuliwa kwa maneno na watu wa karibu na utawala mpaka Vatikani ilipomhamishia kwao Brazili mwanzoni mwa 2021. Serikali inayozima taa ndani ya nyumba yake yenyewe haiwezi kumwona mwizi amesimama wapi. Na ndani ya giza hilo wanaume wenye silaha, wa pande zote, walifanya walivyotaka. Aprili 2020 wapiganaji waliua vijana 52 katika kijiji cha Xitaxi kwa sababu walikataa kujiunga nao. Machi 2021 shirika la Amnesty International lilitoa ripoti iliyozishutumu pande tatu kwa uhalifu wa kivita: wapiganaji, vikosi vya serikali, na kampuni ya kijeshi kutoka Afrika Kusini iliyokodiwa kwa helikopta zake. Mamluki wa Kirusi wa Wagner walikuwa wamekwisha kuja na kuondoka kwa hasara.

Je, ni Msumbiji peke yake? Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo, UNDP, lilifanya jambo ambalo wengi hawafanyi: liliwauliza wenyewe. Katika utafiti uliochapishwa 2017, wahojiwa walikuwa watu waliowahi kuwa ndani ya vikundi vya aina hii barani Afrika. Kati ya waliojiunga kwa hiari, 71 kati ya kila 100 walisema kilichowasukuma hatua ya mwisho ni kitendo cha serikali, kama vile kuuawa au kukamatwa kwa ndugu au rafiki. Zaidi ya nusu walikiri kuwa walielewa kidogo sana, au hawakuelewa kabisa, maandiko ya dini waliyodai kuipigania. Tena waliosoma dini kwa miaka sita au zaidi walikuwa na uwezekano mdogo wa kujiunga. Utafiti wa pili, uliotoka 2023 baada ya kuwahoji watu karibu 2,200 katika nchi nane, ulikuta robo ya waliojiunga kwa hiari wakitaja kazi kuwa sababu yao kuu na asilimia 17 tu wakitaja dini. Mtu anayetaka kufunga madrasa ili kuzuia ugaidi azitazame takwimu hizo tena.

Nigeria ilikwisha kutuonyesha picha hiyo kabla. Julai 2009 jeshi lilimkamata Mohammed Yusuf, kiongozi wa Boko Haram, mjini Maiduguri, akiwa hai, likamkabidhi kwa polisi. Siku hiyo hiyo akawa maiti mikononi mwao. Waliodhani wamemaliza kazi walikuwa wamempa mrithi wake, Abubakar Shekau, hoja ambayo hakuna hotuba ingeweza kuijenga: kwamba sheria ya nchi ni uongo. Septemba 2010 wafuasi walivunja gereza la Bauchi na kuwatoa wafungwa wapatao 700. Mwaka 2015 Amnesty International ilikadiria kuwa zaidi ya watu 7,000 walikuwa wamefia katika mahabusu za jeshi tangu 2011. Mahakama ingeweza kumhukumu Yusuf mbele ya watu wote na kuyafichua mafundisho yake. Nafasi hiyo iliuawa pamoja naye. Hata Rogo wa Mombasa aliuawa kwa risasi barabarani Agosti 2012 bila muuaji kuhukumiwa, na kanda zake zikaendelea kusikilizwa ng'ambo ya mipaka miwili.

Kuna wanaopinga hoja hii, na pingamizi zao ni nzito. La kwanza ni kwamba umaskini na dhuluma viko kila mahali. Zambezia ni mkoa maskini kama Cabo Delgado, Niassa umesahauliwa vilevile, mbona hawakuchukua mapanga? Nakubali. Umaskini peke yake hauelezi kitu, ndiyo maana sikujenga hoja yangu juu yake. Kilichoitofautisha Cabo Delgado ni mkusanyiko: utajiri uliotua ghafla katikati ya ufukara, mgawanyo wa kikabila na kichama uliokwisha kumwaga damu, na kikundi kilichokuwapo tayari kuipokea hasira hiyo na kuipa bendera. Dunia ya nje ilileta bendera. Dola la Kiislamu lilianza kudai mashambulizi ya huko 2019, karibu miaka miwili baada ya vita kuanza. Lilijiunga na moto uliokuwa ukiwaka.

Kipimo kizuri zaidi kiko ng'ambo ya Ruvuma. Mtwara nako iligunduliwa gesi, na Januari na Mei 2013 wananchi walifanya ghasia kupinga bomba la kuipeleka Dar es Salaam; watu walikufa, nyumba za viongozi zilichomwa, jeshi likaingia mitaani. Watu ni wale wale, pwani ni ile ile, dini ni ile ile, na nguvu iliyotumika haikuwa ya upole. Kwa nini hakukuzuka vita? Naamini sababu mojawapo ni kwamba hasira ilipata mahali pa kwenda. Mabishano yalifika bungeni kwa lugha ambayo kila mvuvi anaielewa, na mwaka 2015 wapiga kura wa Mtwara Mjini wakampa ubunge mgombea wa chama cha upinzani cha CUF, naye akaapishwa. Ulinganishe na Mocímboa da Praia ya 2005. Sisemi hivyo kuisifu Tanzania kupita kiasi. Mauaji ya Kibiti, Rufiji na Mkuranga yaliyofikia kilele 2017 yalitukumbusha kuwa hakuna aliye salama, na msako uliofuata uliwasukuma baadhi ya wahusika kuvuka mto kwenda kuwaongezea nguvu wa upande wa pili. Oktoba 2020 walirudi kwa njia ya kijiji cha Kitaya, wakaua Watanzania. Tatizo lililofukuzwa bila kumalizwa lilijua njia ya kurudi.

Pingamizi la pili hutolewa na watu wa usalama: kueleza ni kutetea, na mchinjaji hujibiwa kwa bunduki, hana haja ya warsha. Kueleza si kutetea. Daktari anayetafuta chanzo cha kipindupindu hakipendi kipindupindu. Waliochinja watoto Cabo Delgado ni wauaji, na hakuna rubi wala gesi inayopunguza dhambi yao. Bunduki nayo ilihitajika. Machi 2021, Palma iliposhambuliwa, mamia ya askari walikuwa wamewekwa kulinda eneo la mradi wa Afungi ilhali mji wenyewe ukiwa karibu utupu. Watu walijificha hotelini na vichakani siku kadhaa, na mwezi uliofuata Total ikasimamisha mradi. Askari wapatao 1,000 wa Rwanda walipofika Julai, pamoja na vikosi vya SADC vilivyokuwamo Watanzania, hali ilibadilika ndani ya wiki chache. Tarehe 8 Agosti 2021 Mocímboa da Praia ilikombolewa.

Lakini mtu atazame Wanyarwanda walishinda vipi. Walilipwa mishahara yao, walitii amri, walifanya doria kwa miguu, na waliweza kuzungumza Kiswahili na watu wa pwani. Waislamu miongoni mwao walionekana wakiswali pamoja na wenyeji. Askari wa Kimsumbiji aliyeletwa kutoka kusini, asiyejua Kimwani, aliyecheleweshewa posho, aliyezoea kumwona kila kijana mwenye kanzu kuwa adui, hakuweza hayo hata angepewa vifaru. Kwa hiyo ushindi huo nao ni ushahidi wa upande wangu: bunduki ile ile, mkononi mwa utawala wenye nidhamu, iliwarudisha watu mjini, na mkononi mwa utawala uliooza iliwakimbiza. Nayo ina mpaka wake. Mwaka 2022 idadi ya waliohama makwao ilikaribia milioni moja. Septemba mwaka huo wapiganaji walivuka hadi Nampula na kuua mtawa wa Kiitaliano katika misheni ya Chipene. Na Mei 2024, vikosi vya SADC vikiwa vinafunga mizigo, waliingia tena mjini Macomia. Askari wa kukodi au wa kuazimwa anaweza kurudisha mji. Hawezi kumrudishia mvuvi ufuko, wala kumpa mchimbaji leseni, wala kumwapisha meya aliyechaguliwa.

Basi viongozi wetu wanaotafuta gesi, dhahabu na madini mengine pembezoni mwa nchi wasingoje mpaka watu wachinjwe ndipo waunde wakala wa maendeleo, kama Msumbiji ilivyofanya kwa kaskazini yake Machi 2020. Wamsikilize sheikh na padri wa kijijini anapokuja na taarifa. Wamfikishe mtuhumiwa mahakamani akiwa hai. Wamwache mwandishi wa redio ndogo afanye kazi yake, kwa sababu ndiye king'ora cha bei nafuu kuliko vyote walivyonavyo.

Kuhusu ile mikopo ya kulinda pwani: watafiti wa kituo cha uadilifu cha Msumbiji, CIP, na wenzao wa Norwe walikadiria mwaka 2021 kuwa imeigharimu nchi angalau dola bilioni 11 na kuwatumbukiza watu karibu milioni 2 katika umaskini. Manuel Chang, aliyekuwa waziri wa fedha na kuzitia saini dhamana zake, alipatikana na hatia jijini New York Agosti 2024. Ndambi Guebuza, mtoto wa rais wa zamani, alihukumiwa Maputo miaka 12. Meli za jodari zilizotengenezwa Ufaransa zilishika kutu zikiwa zimefungwa bandarini Maputo. Na deni la meli hizo, baada ya kupangwa upya 2019, likawa hatifungani ya dola milioni 900 ambayo wananchi wa Msumbiji, wakiwamo wavuvi wa Mocímboa da Praia, walipangiwa kuilipa hadi 2031.